Huduma zitaimarishwa na nani?

Nilikuwa mkunga kwa miaka 14, kwanza zahanati, baadaye kituo cha afya, ndipo nikaitwa kwenye kamati ya kupitia sera ya afya ya uzazi ya nchi yetu. Walitaka mtu mmoja anayetoka leba, jina langu likapelekwa. Niliingia nikidhani kazi yangu ni kuwasimulia wakubwa hali ilivyo huku chini. Kumbe nilikwenda kufundishwa kusoma sentensi. Na zile sentensi ndizo zilizonionyesha kwa nini kuna akina mama tuliowapoteza mikononi mwetu, tukiwa na dawa, tukiwa na gari, tukiwa na mwongozo umebandikwa ukutani.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni wa mama aliyekuja kujifungua mtoto wa nne. Alijifungua saa nane usiku bila tabu. Mtoto alilia, kondo la nyuma likatoka lote. Nikamchoma oksitosini pajani kama tulivyofundishwa, ili mji wa mimba ukaze na damu ikate. Haukukaza. Nikasugua tumbo, nikasikilizia, nikasugua tena. Mji wa mimba uliokaza unauhisi chini ya kiganja kama mpira mgumu. Wake ulibaki teketeke. Nikaongeza dawa. Damu iliendelea kutoka polepole, ikalowesha shuka, ikapita pembeni mwa godoro la plastiki, ikadondokea kwenye beseni. Nilikadiria kwa macho kuwa ni mililita 400, labda 450. Tulifundishwa kushtuka ikifika 500, kwa hiyo nikajipa moyo. Alipoanza kuomba maji, na midomo yake imekuwa myeupe, ndipo nilipojua kwamba nimekosea sana.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni. Halikuwa na mafuta. Mume wake na shemeji yake walitoka usiku ule kwenda kugonga milango ya watu kutafuta fedha, kisha wakamtafute mwenye mafuta. Tuliondoka alfajiri. Nilikaa naye nyuma nimekandamiza tumbo lake kwa mikono miwili, namwita jina lake kila mara ili asilale. Alifariki kabla hatujafika hospitali ya rufaa. Niliporudi nilimkuta mama mkwe wake amekaa kwenye benchi la nje, amempakata mtoto. Nilimsalimia, akaitikia. Hakuniuliza kitu, na hakuhitaji kuuliza.

Kikao cha kujadili kifo kile kilikaa wiki iliyofuata. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani alikuwa zamu?" Nikanyoosha mkono. Swali la pili, kwa nini nilichelewa kutoa rufaa. Fomu ikajazwa: kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kilichochangia, mtoa huduma kuchelewa kutambua tatizo. Tukasaini wote, na mimi nikasaini, kwa sababu niliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Ilipita karibu mwaka ndipo nikaketi kwenye mafunzo ya dawa za uzazi na kusikia, kama jambo la kawaida tu, kwamba oksitosini inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Yetu ilikaa kabatini. Chumba chenyewe kilikuwa cha bati lisilo na dari. Mchana ukishika mlango wa lile kabati unautoa mkono haraka. Na hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na jokofu zima, linalofanya kazi, lenye kipimajoto ndani na karatasi mlangoni ya kujaza joto asubuhi na jioni. Lilikuwa jokofu la chanjo, na maandishi yake yalisema "Chanjo tu". Mpango wa chanjo ulikuwa na waraka wake, mfadhili wake na msimamizi wake. Afya ya uzazi ilikuwa na wake. Kila mmoja alitii waraka wake kwa uaminifu kabisa. Mwaka 2019 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya (WHO), ya watoto (UNICEF) na ya idadi ya watu (UNFPA) yalitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini ihifadhiwe kwenye mnyororo baridi uleule wa chanjo, yaani majokofu yaleyale. Nilipolisoma ilibidi niweke karatasi chini kwanza. Pakiti ya vichupa kumi vya oksitosini inaenea kwenye kiganja. Ingekaa pembeni ya rafu ya chini bila kusogeza chanjo hata moja.

Kwenye kile kikao hakuna aliyeuliza dawa ilihifadhiwa wapi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa chanzo na mstari mmoja wa kilichochangia. Jokofu halikuwa na mstari, mafuta hayakuwa na mstari, jina langu lilikuwa nao. Baadaye sana nilijifunza kwamba Uingereza wamekuwa wakichunguza vifo vya uzazi kwa siri tangu mwaka 1952, majina ya mama na ya watoa huduma yakiondolewa kabla ya kujadiliwa, na kwamba Afrika Kusini walianza uchunguzi wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Jina likishaondolewa, watu wanalazimika kuuliza kuhusu jokofu. Nasema hivi kwa uzito: nimewajua wakunga wazuri walioacha kazi baada ya vikao vya "nani alikuwa zamu", na nimewajua waliobaki wakajifunza kuandika kwenye faili kile kitakachowalinda. Nchi inayotunga sera kutokana na mafaili ya namna hiyo inatunga sera kutokana na woga wa watu.

Sasa nije kwenye kamati.

Rasimu ilikuwa na kurasa zaidi ya 60, na lugha yake ilikuwa safi. Huduma za dharura za uzazi zitaimarishwa. Upatikanaji wa dawa muhimu utahakikishwa. Mfumo wa rufaa utaboreshwa. Wasichana balehe watawezeshwa. Siku ya kwanza nilikubaliana na kila ukurasa. Nani apinge maneno kama hayo? Takwimu tulizowekewa mbele zilikuwa za WHO, na kwa zile za karibuni zaidi ninazozijua, mwaka 2023 pekee walifariki wanawake wapatao 260,000 kwa sababu za ujauzito na uzazi, kama 70 katika kila 100 wakiwa wa Afrika Kusini mwa Sahara. Vifo hivyo vimepungua kwa takriban asilimia 40 tangu mwaka 2000, lakini dunia ilijiwekea kufika chini ya vifo 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo 2030, na kwa mwendo huu hatufiki. Nilizitazama zile namba nikijua kwamba mmoja wa watu wanaohesabiwa humo nilimshika kwa mikono yangu.

Siku ya pili tulifika kwenye "mfumo wa rufaa utaboreshwa", nikaliona lile gari limeegeshwa. Nikauliza, "Utaboreshwa na nani?" Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba hayo ni mambo ya mpango wa utekelezaji, sera haishuki hadi huko. Lilikuwa jibu la haki. Ila mpango wa utekelezaji wa sera iliyotangulia ulikuwa palepale mezani, nikaufungua, na wenyewe ulisema mfumo wa rufaa utaboreshwa.

Usiku ule nilipitia rasimu nzima kwa penseli. Kiswahili chetu kina uwezo ambao sikuwahi kuufikiria: herufi moja, w, ikiingia kwenye kitenzi, mtendaji anaondoka na sentensi inabaki nzuri vilevile. Ukisema "ataimarisha" lazima awepo mtu. Ukisema "zitaimarishwa" humdai mtu yeyote. Kila nilipokutana na ile w niliandika pembeni, "na nani?" Kufikia ukurasa wa 20 penseli ilikuwa imekwisha ncha.

Aliyenisaidia zaidi hakuwa daktari. Alikuwa ofisa wa bajeti, mtu mkimya, anayekaa mwisho wa meza na kikokotoo chake. Wakati wa mapumziko alinifuata akaniambia, "Sista, maswali yako ni mazuri, lakini umebakiza moja. Uliza kwa kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti. Mimi sina kasma ya kuboresha. Nina kasma ya mafuta ya magari, na humo mafuta ya gari la wagonjwa yamechanganywa na ya magari ya ofisi. Mwezi ukiwa mgumu, unadhani yanaanza kukatwa yapi?"

Nilikuwa nimebeba lile gari moyoni miaka mingi nikiamini kwamba kuna mtu alikula mafuta. Huenda hakuna aliyekula. Yalikuwa kwenye mfuko mmoja na safari za mikutano, na mikutano ina tarehe, mama anayetokwa na damu hana tarehe.

Tukaandika sentensi mpya: mafuta ya gari la wagonjwa yawe na kasma yake peke yake, isiyoruhusiwa kuhamishiwa matumizi mengine, na mganga mkuu wa wilaya aitolee taarifa kila mwezi. Wapo waliosema hiyo si lugha ya sera, ni lugha ya stoo. Ilichukua wiki tatu kupita. Sentensi nyingine nyingi hazikupita, na nyingine zilirudishiwa w yake dakika za mwisho, nami sikuweza kuzuia.

Suala la huduma ya bure ndilo lililotugawa zaidi. Nimefanya kazi chini ya "bure" iliyotangazwa kabla ya kuandaliwa. Mama anasikia kwamba kujifungua ni bure, anafika, halafu sisi wenyewe ndio tunaomtajia glavu, pamba na nyuzi za kushonea akanunue. Anatuona wezi. Fedha ndogo za uchangiaji ambazo kituo kilizitegemea kununulia vitu hivyo zimeondolewa, na hakuna kilichowekwa badala yake. Wenzetu wa Sierra Leone, walipofuta ada mwezi Aprili 2010 kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano, walikuwa kwanza wameongeza mishahara ya watumishi wa afya na kusafisha orodha ya malipo ili walipwe watu walioko kazini kweli. Matatizo hayakuwaisha, bohari za dawa ziliendelea kuwasumbua, lakini siku ya kwanza milango ilipofunguliwa mkunga alikuwa na sababu ya kutomdai mama. Niliupigania sana mfano huo, kwa sababu najua mkunga ambaye hajalipwa miezi mitatu anavyomtazama mgonjwa anayeingia.

Na fedha zenyewe? Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi zilizowahi kufika hapo ni chache mno. Pengo lilizibwa na wafadhili, hasa kwenye uzazi wa mpango, na mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, wengi ndipo walipouona udhaifu wa sera ambayo kasma yake imo kwenye bajeti ya nchi nyingine. Kipandikizi ni kijiti chembamba kinachomkinga mwanamke kwa miaka kadhaa. Kikikosekana stoo, hata mkunga aliyefunzwa vizuri namna gani hana la kumpa.

Kuna jambo ambalo nililisema kwenye kamati mara moja tu, na nalisema hapa kwa mara ya pili.

Nikiwa zahanati alikuja msichana wa miaka 15. Dirisha letu la uzazi wa mpango lilitazamana na benchi la kliniki ya wajawazito, kwa hiyo kila anayesimama pale anaonwa na watu wote. Alisubiri hadi benchi likapungua, akaja, akauliza kwa sauti ya chini sana kuhusu sindano. Nikamuuliza, "Mama yako anajua umekuja?" Akasema yuko nje, anakwenda kumwita. Nilimtazama akitembea hadi getini na hakugeuka nyuma. Wakati ule mwongozo wa wizara ulikuwa unaruhusu nimhudumie bila ruhusa ya mzazi. Nakala ilikuwa kwenye kabati la mfawidhi, bado imefungwa kwa karatasi iliyokuja nayo. Hakuna aliyekuwa ameagizwa kuufungua na kutusomea.

Mwaka uliofuata aliletwa na mama yake mzazi, amevimba uso na miguu, shinikizo la damu liko juu, amekwisha kushikwa na degedege mara mbili njiani. Kifafa cha mimba. Safari hii dawa ilikuwepo, magnesiamu salfeti, ambayo ilishathibitishwa mwaka 2002 kwa majaribio ya wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 kwamba hupunguza kwa nusu hatari ya mjamzito mwenye dalili kuingia kwenye degedege. Kwa aliyekwisha kushikwa ndiyo hiyohiyo inayozuia asishikwe tena. Alipona. Mtoto hakupona. Akiwa wodini mama yake alinishukuru kwa kumwokoa binti yake, akanishika mikono yote miwili, na binti alikuwa anatutazama. Alinitambua. Alinyamaza, nami nilinyamaza, na hicho ndicho kitu kinachonifanya nisikubali sentensi ya "wasichana balehe watawezeshwa" ipite hivihivi mbele yangu.

Kwenye kamati nilipendekeza mambo madogo. Saa za jioni kwa wasichana, maana asubuhi wako shuleni. Mlango, badala ya dirisha. Kila mwongozo mpya usomwe kwenye kikao cha watumishi na msomaji asaini tarehe. Mwanasheria wa kamati akanikumbusha kwamba haki hizi zimo tayari kwenye Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, kifungu cha 14, ambayo nchi nyingi za Afrika zimeiridhia. Nilikubali. Lakini msichana yule alisimama umbali wa meta moja kutoka kwa mtu aliyetakiwa kumpa haki hiyo, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa fomu. Rejesta yetu ya leba ina safu ya umri. Tunaandika 14, tunaandika 16. Mwisho wa mwezi tunahamishia kwenye fomu ya muhtasari inayokwenda wilayani, na fomu ile ilikuwa na visanduku viwili tu vya umri: chini ya miaka 20, na miaka 20 na kuendelea. Mtoto wa miaka 13 na mwanamke wa miaka 19 aliyeolewa walikuwa tiki moja ileile. Nilikuwa nimejaza fomu hiyo zaidi ya mara mia bila kuona kwamba kwa mkono wangu nilikuwa nawafuta watoto. Mtakwimu wa kamati alipoulizwa ni wasichana wangapi wa chini ya miaka 15 hujifungua nchini, alisema kwa kweli hawaonekani kwenye mfumo. Mjumbe mmoja akatafsiri hivyo kuwa ni wachache.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inanipa matumaini upande huu, kwa sababu pale waliotunga sera walianza na swali la nani atakosekana. Rwanda walipoanza kuchanja nchi nzima mwaka 2011 walikwenda mashuleni, na kwa wasichana wasiokuwa shuleni wakawatuma wahudumu wa afya ya jamii kuwatafuta majumbani. Tangu mwishoni mwa 2022 WHO inakubali dozi moja kwa wasichana, na kwa sisi tunaojua ugumu wa kumpata mtoto yuleyule mara ya pili, hilo ni jambo kubwa.

Na ule ukadiriaji wangu wa macho umepata dawa yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania uliwapa wakunga mfuko wa plastiki unaowekwa chini ya mama baada ya kujifungua, wenye mistari inayoonyesha mililita, pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo lije jingine. Kutokwa na damu kwa hali mbaya, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Mfuko wenye mistari! Niliushika mara ya kwanza kwenye semina na kuuinua kwenye mwanga, nikapitisha kidole kwenye mstari wa 500.

Sera ilipitishwa. Kasma ya mafuta imo. Fomu ya muhtasari imebadilishwa, sasa ina mstari wa miaka 10 hadi 14 na wa miaka 15 hadi 19. Saa za jioni zimo kwa neno "inapowezekana", nami sikulipenda neno hilo na silipendi hadi leo. Mlango badala ya dirisha haukupita.

Mwezi wa kwanza wa fomu mpya nilimpigia simu mkunga aliyechukua nafasi yangu kituoni, nikamwomba anisomee kabla hajaituma.

"Dada, nianzie wapi?"

"Anzia juu. Kumi hadi kumi na nne."

Nikasikia karatasi ikifunguliwa. "Wawili."

"Wako wapi sasa hivi?"

"Mmoja yuko hapa wodini, ananyonyesha, anaendelea vizuri. Mwingine nyonga hazikuruhusu, nimempa rufaa saa kumi alfajiri."

"Gari?"

"Lilikuwa na mafuta, dada. Wameshafika, yuko theatre."